Upande wa Pili wa Kitambaa cha Sinema

Mwanangu Robi,

Mama yako ameshalipanga sanduku lako, akalipangua, akalipanga tena. Sweta imo, dawa ya tumbo imo, na soksi nzito ambazo sijui amezitoa wapi nyakati hizi ambapo hata sabuni tunaisikia redioni tu. Habari za kula vizuri, kulala mapema na kutobebeshwa mzigo na mtu usiyemjua amekwambia yeye, na kesho asubuhi atakwambia tena. Mimi huko sigusi. Nimekaa hapa uani kwenye kigoda, jua bado lipo, wewe umekwenda kumuaga mjomba wako, na nimeamua kukuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaishia kucheka. Tangu asubuhi nacheka peke yangu. Ng'ombe wenyewe wananishangaa.

Mtoto wangu anakwenda Bulgaria! Huyu huyu aliyekuwa akinilia nimbebe mgongoni kwenda kisimani, anakwenda kupigwa picha za televisheni, awatokee watu sebuleni kwao wakinywa chai. Neno hilo televisheni nimelisema leo mpaka ulimi umelizoea, ingawa chombo chenyewe sijawahi kukitia machoni. Uliniambia ni sinema ndogo ndani ya sanduku. Nikamweleza jirani yetu Marwa vivyo hivyo, akaniuliza watu wanapumuaje humo ndani. Nimemwambia akusubiri urudi akuulize mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nitafute karatasi. Mchana tulipokuwa tunapukuchua mahindi ulinieleza kwamba kiongozi wa kikundi chenu cha maigizo anataka kukata maneno yako. Mimi mchezo wenu naujua, uliucheza wote hapa uani wakati wa likizo, ukawa wewe mama, wewe mtoto, wewe majirani. Mama amepotelewa na mwanawe akiwa mdogo. Mtoto anarudi mtu mzima, anaomba maji ya kunywa mlangoni, hajui kwamba anayempa maji ndiye aliyemzaa. Mama anajua. Anasimama na kibuyu mkononi na kusema yale maneno marefu ya mwisho, ambayo ulipoyasema hapa shangazi yako aliacha ugali ukaungua. Kiongozi wenu anasema watu wa kule hawasikii Kiswahili, kwa hiyo mama aseme maneno machache tu, ngoma ipigwe, mambo yaishe. Anataka jibu lako mkifika Dar es Salaam.

Ukaniambia, "Tata, nitamwambia akate tu. Nani atakaa nyumbani kwake anisikilize nikisema lugha asiyoijua? Si atazima?" Halafu ukainama kwenye gunia, ukasema kwa sauti ndogo ukidhani masikio yangu yamezeeka, kwamba afadhali wangempeleka mpiga ngoma mmoja zaidi wakakuacha wewe.

Nami nikakujibu nini? "Watakuelewa tu, mwanangu." Basi! Jibu la kumnyamazisha mtoto mchanga. Uliendelea kupukuchua bila kuniangalia, na ulikuwa na haki. Maana mimi, katika watu wote wa wilaya hii, ndiye niliyepaswa kukupa jibu lenye nyama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nimewasemea watu wa huku michezo ya watu wa mbali, wenye lugha ambayo hata mimi niliyeshika kipaza sauti sikuijua neno moja.

Unamkumbuka Mzee Sefu wa Tarime? Ulimwona akiwa mzee sana. Alikuwa fundi cherehani, baba yake alitoka pwani, na alikuwa na Landrova kuukuu, jenereta, projekta, na kitambaa cheupe cha sinema alichokishona mwenyewe kwa marekani, vipande vinne, na ukitafuta mshono huuoni. Alikuwa akipata mikanda ya picha za Kihindi na kuizungusha vijijini. Alinichukua nikiwa kijana kwa sababu moja tu: nilikuwa na sauti kubwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni ya kitambaa na kuwaeleza watu wanaoonekana wanasema nini.

Utauliza nilijuaje. Sikujua! Mzee Sefu alikuwa akinieleza hadithi nzima njiani, Landrova ikirukaruka kwenye mashimo, yeye anashika usukani huku anasema, "Kuna mama, kuna mtoto amepotea, kuna binti, kuna tajiri mwenye roho mbaya, na polisi wanakuja mwisho. Umeshika?" Nikasema nimeshika. Hayo yaliyobaki niliyajaza mwenyewe. Mhindi akisema neno moja mimi nilisema kumi. Akipumua nilieleza kwa nini anapumua. Watu walikuwa wakinishangilia, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba, nikaamini kwamba bila mimi ile picha ni vivuli vinavyokimbiakimbia tu kwenye nguo.

Basi siku moja tukaenda upande wa Nyansurura. Watu walikuja kutoka kila mlima, akina mama wamekaa mbele kwenye nyasi, wazee nyuma kwenye vigoda. Giza lilipoingia tukawasha. Picha ilikwenda vizuri mpaka akatokea mama mmoja mwenye mvi, amekaa kitandani, na binti yule mzuri yuko pembeni yake anampepea. Mimi nikajiambia, anayempepea mama si ni bintiye? Nikatangaza kwa sauti yangu yote, "Huyu ni mama mzazi wa huyu binti aliyeolewa! Mama mkwe wa kijana wetu!"

Hapo hapo kijana akaingia mlangoni, akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani kwa yule mama, akalia.

Loo! Robi, wewe ni Mkurya, sihitaji kukueleza zaidi. Mkwe wa kiume! Kichwa! Mapajani kwa mama mkwe! Akina mama walijifunika kanga nyuso zote kwa pamoja, kama upepo umepita juu ya mtama. Wazee wakasimama. Mmoja akapiga fimbo chini na kusema, "Zimeni! Uchafu huo mkauonyeshe huko huko mlikoutoa!" Vigoda vikaanza kuondoka, watoto wanavutwa mikono, wengine wanalia wanataka kubaki. Mzee Sefu akazima jenereta, akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaka kupiga mtu, "Umewaambia nini wewe?"

Mimi nimesimama pale na kipaza sauti kisicho na umeme. Ndipo mwanamke mmoja, aliyebaki amekaa chini kana kwamba hakuna kilichotokea, akaniita. "Mura!" Unajua tunavyomwita kijana tukitaka asikie. "Mura, wewe mwenye kelele. Nani amekwambia huyo ni mkwe wake?"

Nikasema, "Shikamoo mama. Ndivyo picha inavyosema."

"Picha haikusema hivyo, umesema wewe. Huyo ni mwanawe. Hukuona alipoingia? Yule mama hakumwangalia uso, alimwangalia miguu, aone kama ana viatu. Mtu anayetoka safari ukamwangalia miguu kwanza, huyo umemzaa wewe." Akawageukia wenzake waliokuwa wanaondoka, akawapigia kelele warudi. "Ni mtoto wake! Huyu kijana amechanganya! Ni mtoto wake yule aliyepotea!" Kisha akanigeukia tena. "Waambie wawashe. Na wewe nyamaza."

Tukawasha. Watu wakarudi, kwanza akina mama, halafu watoto, mwisho wazee, wakijifanya walikuwa wamekwenda kujisaidia tu. Na mimi nikanyamaza kwa sababu niliogopa. Nakwambia, sijawahi kuona sinema ikiangaliwa namna ile. Mama wa Kihindi alisema maneno mengi, marefu kuliko yako, hakuna aliyesikia neno. Lakini akina mama wa Nyansurura walikuwa wanamjibu! "Eee, mama." "Pole, mama." Wakati mama alipomkumbatia mwanawe, vilio vilivyotoka pale, ungedhani kuna msiba. Yule mzee wa fimbo alikuwa anapenga kamasi.

Nililala vibaya siku ile. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi ilikuwa furaha ya ajabu, kama mtu aliyekuwa akibeba maji kwa ndoo miaka yote halafu akaonyeshwa bomba. Kesho yake nikamwomba Mzee Sefu anisubiri, nikaenda kumtafuta yule mama nimwombe radhi. Nikamkuta anaanika ulezi. Aliniambia nisimame mbali nisikanyage ulezi wake, akanisema mpaka akachoka, halafu akamwita bintiye aniletee uji. Yule binti aliyeleta uji ndiye aliyekupangia sanduku leo.

Naam, yule mama alikuwa bibi yako Wankuru. Nadhani hili hukulijua lote. Unajua tu kwamba bibi yako anapenda sinema.

Sasa ona jinsi mambo yalivyonigeuka. Mtu aliyenifundisha kazi kwa sentensi tatu, mtu niliyetaka kukaa naye nimuulize habari za kila picha niliyowahi kuonyesha, nikamwoa binti yake. Siku ile ng'ombe wa mahari walipovuka kwenda kwao, mimi na yeye tukaagana. Tangu hapo hatujakaa chumba kimoja, hatujala pamoja, hatujatazamana usoni. Heshima ya ukwe siilalamikii, ni yetu na nimeishika. Lakini mwanzoni niliumia, usidanganywe. Nilikuwa nikirudi safari na hadithi ya picha mpya, na mtu mmoja ambaye angenielewa alikuwa ng'ambo ya mlima, na hata angekuwa jirani nisingeweza kumwambia.

Halafu likaja jambo la vijiji vya ujamaa, tukahamishwa wote. Wewe ulikuwa mdogo. Akaja kijana wa serikali na kamba na vigingi, mpole, mtu wa kusini, akapima mistari ya nyumba iliyonyooka, mlango ukiangalia mlango, akagawa viwanja kwa majina. Hakujua nani amemwoa binti wa nani. Tulipofika na mizigo yetu, mlango unaoangalia wangu, hatua chache tu, ni wa mama mkwe wangu! Niliweka gunia chini nikageuka nyuma haraka. Yeye naye alikuwa amegeuka nyuma. Tukasimama hivyo, migongo inaangaliana, mama yako katikati anacheka mpaka amekaa chini. Kijana wa kamba akauliza, "Mna ugomvi?"

Hakuna aliyebadilisha mstari. Mimi nilitoboa mlango mwingine nyuma ya nyumba, bibi yako akapanda ua wa minyaa ambao hadi leo ndio mzuri kuliko wote kijijini, na tukatengeneza utaratibu wetu bila kuambizana. Nikitaka kupita, nakohoa. Akisikia anaingia ndani au anageukia upande wa pili. Akitaka kutoka yeye, anakohoa, mimi nageuka. Baada ya muda vikohozi hivyo vikawa na maana zake. Kiko cha "napita tu". Kiko cha "mtoto anaumwa, mtume mke wangu aje". Na chake yeye kiko kimoja kikavu, kifupi, ambacho maana yake ni "mwanaume wewe, unakosea". Hicho nimekisikia mara nyingi kuliko vingine.

Kisha Mzee Sefu akaleta sinema hapa kijijini, uwanja wa shule, na mimi ndiye msemaji. Balozi wa nyumba kumi akaja kwangu taratibu, akaniambia kuna tatizo, mama mkwe hawezi kukaa pale unaposimama wewe, mmoja wenu abaki nyumbani. Ujumbe ukapelekwa ng'ambo ya minyaa. Nikasikia jibu mwenyewe, maana hakulisema kwa siri. "Nibaki nyumbani sinema inapita mlangoni kwangu? Mwambie balozi akabaki yeye."

Jioni ile alibeba kigoda chake, akakushika wewe mkono, akapita mbali kabisa kuzunguka uwanja, akakaa nyuma ya kitambaa. Nyuma! Watu wote upande huu, yeye na wewe upande ule, peke yenu gizani. Kitambaa cha marekani kinapitisha mwanga, kwa hiyo picha yote aliiona, ila imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Baadaye alimwambia mama yako, "Wahindi wote wanatumia mkono wa kushoto. Ndiyo maana hawaelewani." Wewe utakuwa unakumbuka, maana hata wewe ulikuwa ukicheza mchezo wa sinema na wenzako ukiwalazimisha wale kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wako akaniita shuleni kuniuliza kuna nini nyumbani.

Robi, hapo ndipo ulipojifunzia. Chuo kimekusaidia, sikatai. Lakini ulianzia upande ule, pembeni ya kigoda cha bibi yako, ambako sauti yangu ilifika hafifu na maandishi yalikuwa kinyume, na hata hivyo ulirudi nyumbani ukiwa umeielewa picha kuliko watoto waliokaa mbele wakinisikiliza. Ulikuwa ukinieleza mimi.

Na mimi nilianza kuonyesha sinema kwa sikio. Nikizidisha maneno, nikianza kueleza tajiri anafikiri nini na binti anaota nini, kinatoka nyuma ya kitambaa kile kikohozi kikavu. Kh'm! Nanyamaza hapo hapo katikati ya sentensi. Watu walidhani ni ufundi. Wakaanza kunisifu, kwamba msemaji wa Mzee Sefu anajua mahali pa kunyamaza, wakaniita mpaka Mugumu, mpaka Nyamongo, na huko ambako bibi yako hakuwepo nilikuwa najisikiliza kama vile yupo. Mwisho kazi yangu ikabaki ndogo sana. Mtu akitokea nasema, "Huyu ni mama yake. Yule ni kaka yake. Huyu amemchumbia yule, lakini baba hataki." Basi. Mengine nawaachia wenyewe.

Sasa nisikudanganye kwa kuwa nimefurahi. Si kila mchezo unavuka. Tuliwahi kuonyesha picha ya Wazungu fulani, mkanda tuliopewa bure, watu wamekaa kwenye viti chumba kimoja wanaongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikujua nani ni nani wao kwa wao, na picha haikuonyesha. Hakuna aliyempa mwenzake chakula, hakuna aliyempokea mgeni, hakuna aliyemkwepa mtu. Watu walivumilia kidogo, wakaanza kupiga soga zao, wakaenda kulala. Na hata zile za Kihindi zilizopendwa, kuna mahali hazikupita. Kijana na binti wanaimba mvuani, wameloa chapachapa, na mzee mmoja kila mara alikuwa akiuliza kwa masikitiko, "Kwani nyumba hawana?" Watu wanakufa kwa kicheko, mahali ambapo huko kwao nadhani wanatoa machozi.

Kwa hiyo na wewe kule, yupo atakayezima. Yupo atakayecheka pale ulipotaka alie. Ukisikia habari hizo usichukie, ni sisi wale wale wa uwanja wa shule. Lakini wapo wengine, mwanangu, wapo! Kuna bibi fulani Bulgaria, simjui jina, baridi imemfungia ndani, ana kiti chake na chai yake, na ana mtoto aliyekwenda mbali. Huyo ukitokea na kibuyu chako na kumwangalia yule kijana miguu kabla ya uso, ataweka kikombe chini. Kiswahili atakihitaji cha nini? Atakuwa ameshajua nani ni nani wako.

Na ndiyo maana maneno yako nayaonea uchungu yasikatwe. Utanishangaa, kwamba mimi niliyejifunza kunyamaza nakwambia useme. Maneno niliyoambiwa niyaache yalikuwa yangu, ya pembeni, ya kueleza. Yule mama wa kwenye picha hakuambiwa anyamaze, angekatwa maneno yake pale Nyansurura watu wangelia nini? Wale akina mama walikuwa wanaisikiliza sauti, inapopanda, inapokwama, anaposhindwa kumalizia na kuanza tena. Huwezi kushindwa kumalizia sentensi mbili. Unahitaji nyingi ili ushindwe katikati yake. Kama kiongozi wenu anahofia hawataelewa, mwambie aweke msemaji mwanzoni, aseme kwa lugha yao, "Huyu ni mama. Huyu ni mwanawe, hajui." Na amwonye huyo msemaji asikosee ukoo wa watu, maana mimi najua kinachotokea. Baada ya hapo akae kando.

Lakini ni wewe utakayesimama pale, si mimi. Ukifika Dar es Salaam ukaona kweli yanapaswa kukatwa, kata, sitakununia. Nisichotaka ni ukate kwa woga, ukidhani upande ule hakuna mtu.

Sikutaka kukutumia mawazo yangu peke yangu, kwa hiyo nusu saa iliyopita nimekwenda kwenye ua wa minyaa. Nimekohoa. Nikasikia kigoda kinasogezwa. Nikasimama nimeupa ua mgongo, nikasema na barabara, "Mtoto anasema watu wa huko hawatamsikia lugha."

Halafu naye, nadhani alikuwa anasema na kuta zake, akajibu, "Kwani mimi Wahindi niliwasikia?"

Nikacheka. Akaendelea, "Mwambie anaingia nyumbani kwa watu asiowaona. Asiingie kimya kama mwizi, wala asiingie na kelele kama baba yake. Akohoe kwanza, wajue kuna mtu anakuja. Halafu aseme yake yote." Kisha akauliza kama utakuwa na viatu vya maana, kwamba ameambiwa huko kuna barafu. Nikamwambia unavyo. Akauliza vya rangi gani.

Basi ndiyo hayo. Sina zaidi, na wewe nakuona unarudi kutoka kule chini kwa mjomba wako na kuku amefungwa miguu, sijui wanadhani utapanda naye ndege.

Kesho basi la Musoma likisimama pale barabarani, mimi nitakuwa upande wa dereva. Bibi yako amesema hata miguu ikimuuma atakuja, na atasimama upande wa mlango, ili basi liwe katikati yetu. Mimi sitamwona, yeye hataniona. Wewe peke yako, ukishakaa kwenye kiti chako, utatuona wote wawili, kila mmoja dirisha lake. Usihangaike kufungua kioo, hatutasema kitu. Tutakohoa, yeye kule na mimi huku, na kila neno la vikohozi vile utalisikia.

Ni mimi baba yako,
Mwita, msemaji wa sinema